Mkono Uliotoa Mbuzi

Kasereka amekufa. Simu ilinikuta uani nikianika nguo, na kijana wa ukoo aliyenipigia, Jonas, alilia kwanza ndipo akaweza kusema. Nilimngoja amalize. Nikamuuliza muzee amekufa na nini, akasema ni sukari, miguu ilikuwa imeoza tangu zamani, mwisho alikuwa hawezi hata kujigeuza kitandani. Nikasema pole, kwa sababu Jonas mwenyewe hajanikosea kitu, ni mtoto wa juzi. Akaongeza, "Tunakuomba ufike kwenye kilio, shangazi. Kuko jambo wazee wanataka kukuomba." Hakusema ni jambo gani. Baadaye, nilipokuwa nikibana shuka ya mwisho kwenye kamba, nikajisikia naimba. Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza, "Mama Esther, kuko habari nzuri?" Nikamjibu, "Iko." Watu wa rika langu huniambia kwamba mtu akifika umri wetu inafaa asamehe, apunguze mzigo. Mimi mzigo huu sijawahi kuuona mzito. Nimeubeba kama mwanamke anavyobeba mtoto mgongoni, na siku za baridi umenipa joto.

Nilienda. Kilio kilikuwa Katoyi, mtaa wa Goma, chini ya turubai, viti vya plastiki vya kukodi vimepangwa juu ya mawe meusi, na mtu wa kanisani ameshika kipaza sauti anaeleza jinsi marehemu alivyokuwa mpole, mtu wa sala, mtu aliyependa ukoo wake. Nilikaa nyuma kabisa. Walio chini ya turubai hilo, wengi wao walikuwa hawajazaliwa mwaka ule wakimbizi walipovuka mpaka kutoka Rwanda, na waliokuwa wamezaliwa walikuwa wamekubaliana bila kuambiana kwamba wamesahau. Mimi sijasahau. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilikuwa na baba ambaye alizaliwa msichana.

Sitaeleza sana habari za ukoo, nitasema tu kinachotosha. Huko kwetu, milimani juu ya Butembo, babu yangu alipata wasichana watupu. Wa mwisho alipozaliwa, babu alimpa jina la Muhindo, ambalo kwetu hupewa mvulana anayekuja baada ya mfululizo wa wasichana. Alimlea hivyo, akamkalisha na wanaume, akamvalisha suruali, na kabla ya kufa akamkabidhi mkuki wa nyumba mbele ya mdogo wake, muzee Kambale, na wazee wengine. Haikuwa maajabu. Ilikuwa desturi ya zamani, ingawa wakati ule ilibaki kwenye nyumba chache: nyumba isiyo na mtoto wa kiume ilimfanya binti mmoja kuwa mwanaume, ili aoe, apate watoto, jina lisizimike. Muhindo akatoa mbuzi za mahari, akamwoa mama yangu, wakahamia Goma. Wazee wakamchagua mtu wa ukoo asaidie kumzaa mtoto, na mtoto akawa wa yule aliyetoa mbuzi, kama desturi ilivyotaka. Nikazaliwa mimi, Masika, na Muhindo akaitwa Papa Masika na kila mtu, hadi na wanajeshi waliopita barabarani kwenda kambi ya Katindo. Mtu aliyechaguliwa kusaidia alikuwa Kasereka. Sikufichwa. Mama aliniambia kwa sauti ile ile aliyotumia kuniambia nilibatizwa kanisa gani.

Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, kama nyumba zote za pale, imekaa juu ya mawe ya volkano ambayo hayakubali hata mzizi wa kunde. Sebule, tuliyoiita saloni, ilikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa mama alivyofuma, picha ya Bikira Maria, na meza ambayo juu yake, kila Jumamosi, Papa alipanga viatu vyake na kuving'arisha huku akisikiliza redio. Alikuwa mwembamba, mrefu, sauti nzito kidogo kuliko ya wanawake na laini kidogo kuliko ya wanaume, na alikuwa na namna ya kucheka akiinamisha kichwa kama mtu aliyeshikwa na aibu. Alikuwa na depo, ghala la maharage na viazi, kule Birere, mtaa wa biashara. Kuku akipikwa, firigisi iliwekwa kwenye sahani yake, naye aliikata vipande viwili, kimoja akanipa mimi mama akijifanya haoni. Jioni, wakiwa chumbani, niliwasikia wakizungumza kupitia ukuta wa mbao, habari za bei ya viazi, habari za kaptula ya fulani iliyochanika kanisani, na mama alikuwa akicheka mpaka anakohoa. Nimeolewa mara mbili. Sijawahi kucheka hivyo na mwanaume yeyote.

Kasereka alikulia kwetu, tangu kabla sijazaliwa. Baba yake alikufa mapema, na Papa alimlea, akampa kazi kwenye depo, akampa chumba kilichopakana na chumba chao. Alipotaka kumwoa msichana aitwaye Kavira, Papa ndiye aliyevaa koti, akaenda kwa baba wa msichana, mzee mmoja mfanyabiashara wa vitunguu aliyeitwa Paluku, akakaa naye siku nzima wakinywa kasiksi, pombe ya ndizi, wakibishana kama wanavyobishana wanaume wawili wanaoheshimiana, na mbuzi zikatoka mkononi mwake. Nyumba ya babu ndiyo iliyokuwa nyumba kubwa ya ukoo, kwa hiyo mwenye mkuki ndiye aliyesimama mbele ya wakwe wote. Hata mbuzi za mtoto wa muzee Kambale mwenyewe, mtoto ambaye ndiye babu yake Jonas, zilitolewa na mkono huo huo. Baada ya harusi Kasereka na Kavira walijengewa nyumba ndogo nyuma ya yetu. Alimwita Papa "Papa". Aliinama akimsalimu. Harusi na heshima hiyo niliviona kwa macho yangu.

Kisha wakimbizi wakavuka. Walipita Birere kama maji yaliyovunja ukingo, na magodoro, na ng'ombe, na wazee ndani ya matoroli, wakajaa barabarani, wakajaa shuleni kwetu, wakalala kwenye mawe. Baada ya siku chache kolera ikaanza na watu wakawa wanakufa wameketi, kando ya njia, vichwa vimeegemea mabidoni matupu ya maji. Mji ulinuka hivi kwamba tulikula tumeziba pua. Wanaume wa mtaa walikusanyika wakaamua kuwaokota waliokufa karibu na nyumba zetu, kuwafunga kwenye mikeka na kuwapeleka palipochimbwa. Papa alikuwa wa kwanza kusimama. Kasereka alisema tumbo linamsumbua, akajifungia. Papa alirudi jioni na chokaa ya makaburini mpaka kwenye kope, akasimama nje ya ua ili asituletee ugonjwa, na mama akammwagia maji mikononi kutoka mbali, polepole, machozi yakimtiririka. Mzee mmoja jirani aliyefuatana naye aliniambia, "Mutoto, baba yako ni mwanaume kweli." Alisema mbele ya watu. Mzee huyo huyo, miezi michache baadaye, alivuka barabara ili asimsalimu.

Sijui ni lini hasa Kasereka alianza kukaza macho juu ya depo. Najua kwamba baada ya wakimbizi kuja wageni wa misaada wenye magari meupe walianza kutafuta nyumba za kuwekea chakula, na kila mwenye depo Birere akawa mtu mkubwa ghafla. Nilimsikia akimwambia Kavira, mimi nikiwa nje ya dirisha lao natwanga sombe, majani ya muhogo, "Vitu hivi vyote viko mukononi mwa mwanamuke. Vita inakuja. Siku moja batatucheka." Kavira akamuuliza, "Mwanamuke gani?" Akasema, "Si unajua." Kavira, ambaye alikuwa na mimba ya mtoto wake wa tatu, akamgeuzia mgongo. Juma lililofuata Kasereka alipanda lori la Butembo, na aliporudi alikuwa na muzee Kambale na wazee wengine wawili.

Kikao kilifanyika Jumapili mchana, baada ya misa. Mama alichinja kuku na kupika bugali na mchicha wa lenga-lenga, kwa sababu wageni ni wageni. Kazi yangu ilikuwa kupitisha maji ya kunawa. Nilipofika na sahani ya nyama, muzee Kambale mwenyewe alinyosha mkono, akatafuta firigisi kwa vidole, akaiweka kwenye sahani ya Kasereka. Papa aliitazama. Mama, aliyekuwa mlangoni, aliitazama. Kuanzia hapo nilijua kwamba hawakuja kutusalimia.

"Muhindo," muzee Kambale akasema baada ya kufuta midomo, "kaka yangu alikupa jina. Sisi bote tulikubali, juu nyumba yake isizimike. Mutoto alizaliwa, huyu hapa. Kazi iliisha. Sasa tunasikia mambo yenye haifai."

"Mambo gani, muzee?" Papa akauliza.

"Tulikupa jina. Kitanda hatukukupa." Akamwonyesha Kasereka kwa kidevu. "Huyu alilala karibu na chumba yenu miaka mingi. Alisikia. Munaishi sawa bwana na bibi wa kweli. Hata kanisani banasema."

"Muzee, mutu akioa, analala wapi?"

"Usinichezee."

"Sikuchezei. Ni wewe njo ulishika mukono yangu siku ile ya harusi. Hukuniambia nimwoe ya uongo."

Kasereka akasimama. Mpaka siku hiyo alikuwa anamwita Papa. Sasa akasema, "Dada Muhindo, tusipoteze wakati." Lile neno "dada" lilinichoma kuliko lolote lililofuata. "Masika ni damu yangu, kila mutu anajua. Naomba mutoto wangu, na naomba funguo za depo, juu wakati huu ya vita mali ya ukoo haiwezi kukaa na mwanamuke. Na mama yake, kama anataka, nitamuchunga pia."

Mama akacheka pale mlangoni, kicheko kikavu. "Mimi niliolewa," akasema. "Sikuazimwa."

"Mbuzi za kumwoa zilitoka mukono gani?" Papa akamuuliza muzee Kambale. "Sema tu."

Na muzee Kambale, ameshiba, amekasirika, akasema yale maneno. "Mukono ya mwanamuke haiwezi toa mbuzi."

Papa akainua kichwa. "Sijasikia vizuri, muzee."

"Nimesema mukono ya mwanamuke haiwezi toa mbuzi. Zile mbuzi hazikuwa mbuzi. Uvue suruali, uvae kikwembe, ukae na benzako."

Papa aliwatazama wale wazee wawili wengine mmoja mmoja. "Na ninyi munasema vile vile?" Wakaitikia kwa kichwa. Kasereka akasema ndiyo kwa sauti, mara mbili. "Sawa," Papa akasema. Akatoa funguo mfukoni, akaziweka mezani katikati ya mifupa ya kuku.

Siku hiyo hiyo nilihamishiwa nyumba ya nyuma. Kasereka na wazee wakachukua nyumba kubwa, na Papa na mama wakaambiwa wakae jikoni, kwenye kibanda cha mabati chenye mafiga matatu, mpaka Papa "atakapojirekebisha". Asubuhi iliyofuata nilitoka kwenda kuchota maji nikamkuta Papa amesimama uani amevaa kikwembe cha mama, kitenge cha maua ya njano, na kitambaa kichwani. Alikuwa hajui kukifunga. Kilikuwa kimepanda upande mmoja. Miguu yake, ambayo sikuwahi kuiona juu ya kifundo, ilikuwa myeupe kama ya mtu aliyetoka hospitali. Watoto wa mtaa walimfuata mpaka kwenye bomba wakipiga miluzi. Nilimchukia siku ile, niseme ukweli, si yeye bali ule unyenyekevu. Nilimwambia, "Papa, juu ya nini umekubali?" Akanijibu, "Mimi ninatii tu, Masika. Wazee wamesema." Akainama akacheka kile kicheko chake. Sikuelewa.

Muzee Kambale alitaka kurudi Butembo lakini barabara ilikuwa imefungwa, watu wenye bunduki walikuwa wanasimamisha malori, kwa hiyo alibaki, akala, akanenepa. Mimi nilipikia nyumba nzima, kwa sababu Kavira alikuwa mzito sana. Na mimi nilikuwa na kisasi changu, cha mtoto. Mchanga wa Goma si mchanga, ni changarawe nyeusi ya volkano, kali kama chupa, na inaingia ndani ya maharage yote. Kazi ya mpishi ni kuiondoa. Mimi niliiondoa kwenye sufuria ya watu wote, nikaiacha kwenye sahani ya Kasereka. Kila siku, punje chache. Nilikaa mlangoni nikisubiri ule mlio. Siku jino la nyuma lilipovunjika na akatema damu kwenye kiganja, nilimletea maji, nikamwambia pole baba mdogo, na usiku ule nililala vizuri.

Papa, kwa upande wake, alijifunza. Alijifunza kufunga kikwembe, kukaa kwenye mkeka miguu imenyoshwa, kumenya ndizi, kupiga goti mbele ya wanaume anapowapa maji. Alimpigia goti Kasereka. Alimpigia goti muzee Kambale, ambaye mara ya kwanza alitazama pembeni na mara ya pili akazoea. Mama alimtazama akifanya hayo yote na midomo imebanwa, na mara moja nilimsikia akimwambia kule jikoni, "Inakuumiza, acha." Papa akasema, "Inaniuma. Lakini ngoja Kavira azae."

Kavira akazaa, mtoto wa kiume. Kwa desturi yetu, baada ya siku za kupumzika, wazazi wa mwanamke huja na unga na kuku na ndizi kumwona mjukuu, na anayewapokea ni yule aliyesimama mbele yao na kutoa mbuzi. Muzee Paluku alikuja na mke wake na kaka zake Kavira, wamevaa nguo za kanisani. Walikuwa wanakaa upande wa pili wa mji, na mwaka ule watu hawakutembeleana, kolera iliwafungia kila mtu kwake. Hawakuwa wamesikia chochote. Wakaingizwa saloni. Kasereka akawapa viti, akaanza kuwapa kasiksi. Muzee Paluku akaangaza macho huku na huku, akauliza, "Papa Masika iko wapi? Ndugu yangu, iko wapi? Siwezi kunywa bila yeye."

"Iko nje kidogo," Kasereka akasema.

"Mumwite basi."

Hakuna aliyeinuka. Dirisha la saloni lilikuwa wazi, na chini ya dirisha, kwenye mkeka, tulikuwa sisi wanawake tunamenya ndizi. Muzee Paluku alisimama kunyosha miguu, akachungulia nje, na akamwona. Alicheka kwanza. Alidhani ni mchezo. Kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka. Papa akaweka kisu chini, akainuka, akaingia saloni, akapiga magoti yote mawili sakafuni mbele ya yule mzee aliyekunywa naye siku nzima, akampa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama anavyosalimia mwanamke aliyelelewa vizuri.

"Karibu, muzee," akasema.

"Nini hii? Papa Masika, inuka! Nini hii?"

"Muzee, mimi ni mwanamuke. Wazee walikaa, wakasema. Wanaume njo hawa, ongea nao."

Muzee Paluku akamgeukia Kambale. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, na sauti ilizidi kuwa ndogo. "Walisema nini?"

Kambale akaanza kuzunguka, mambo ya ukoo, mambo ya kanisa, mambo ya siku hizi. Papa, akiwa bado amepiga magoti, akamsaidia kwa adabu. "Walisema mukono ya mwanamuke haiwezi toa mbuzi. Walisema zile mbuzi hazikuwa mbuzi. Kasereka pia alisema. Nilimuuliza, akasema ndiyo mara mbili."

Muzee Paluku akaweka bilauri yake chini, imejaa. "Basi mbuzi zenye zilikuja kwangu zilikuwa nini?" akamuuliza Kasereka. "Binti yangu iko hapa kama nani? Watoto hawa ni wa nani? Mulinikalisha na mutu, mukasema huyu njo baba yetu, nikanywa naye, nikampa mutoto wangu. Leo munasema hapakuwa mutu. Basi hapakuwa ndoa." Kasereka akaanza kusema hapana, muzee, yale yalikuwa maneno ya... "Ya nini?" muzee Paluku akauliza. "Kama mukono yake ni ya mwanaume, mbona amepiga magoti? Kama ni ya mwanamuke, Kavira, funga vitu vyako."

Kavira hakusita. Hilo nalo nalikumbuka kwa furaha. Alikuwa amekwisha kuchoka naye. Alimfunga mtoto mgongoni, wajomba wakawashika wale wawili wakubwa mikono, wakatoka na unga wao na kuku wao. Kasereka aliwafuata mpaka barabarani, akarudi mbio, akaanguka kwenye mkeka wetu wa ndizi. "Papa," akasema. Sasa lilikuwa Papa tena. "Papa, nakuomba. Vaa suruali, tuwafuate. Hata leo tu. Wewe uongee naye, atakusikia wewe."

Muzee Kambale naye alikuwa amesimama nyuma yake, ameinamisha kichwa, kwa sababu alikuwa amekwisha kufika pale ambapo Papa alitaka afike: habari hii ingepanda na lori la kwanza mpaka Butembo, kwa wakwe wa mtoto wake mwenyewe. "Muhindo, mwanangu," akasema. "Tulikosa. Urudie kiti chako. Mara moja tu, turekebishe, kisha tutaona."

"Kisha tutaona," Papa akarudia. Alichukua ndizi nyingine, akaipasua ganda kwa kisu. "Wazee, mimi ningewasaidia. Lakini mwanamuke hana sauti mbele ya wakwe. Mulete mwanaume."

Walikaa pale mpaka jua likazama. Waliomba, walitukana, waliomba tena. Papa alimenya ndizi zote. Mimi nikaenda nyumba ya nyuma, nikafunga nguo zangu, nikavuka ua kuja jikoni. Kasereka akanizuia njiani, akasema, "Wewe unabaki. Wewe ni damu yangu." Nikamwambia, "Damu yako hata mbu wanayo," na nikapita. Mama alinisogezea nafasi kwenye godoro bila kuuliza kitu.

Kavira hakurudi. Watoto wale watatu walilelewa kama watoto wa muzee Paluku na wanatumia jina lake mpaka leo. Kasereka alijaribu kuoa tena, lakini kila nyumba aliyobisha hodi iliuliza nani atasimama kwa ajili yake, na kisha ikacheka. Mtoto wa Kambale alitoa mbuzi upya, akadharauliwa na wakwe maisha yake yote. Depo ilivunjwa na wanajeshi kabla ya mwaka kwisha, wakabeba hata milango. Sisi tulihama, tukapanga chumba kimoja Birere, na asubuhi ya kuhama Papa alivaa suruali yake. Hakuna mwanaume aliyemwita tena kwenye kikao. Mtaani wengine walimwita Papa, wengine walimtemea mate, na kanisani alikaa nyuma. Nisidanganye kwamba kisasi kilimrudishia kiti. Kilichukua tu viti vya wale wengine. Mara moja, alipokuwa tayari mgonjwa, nilimuuliza kama ilistahili, miezi ile ya magoti. "Waliniazima uanaume kama mutu anaazima ngazi," akasema. "Nilitaka wajue bado wako juu yake." Nilimzika mimi mwenyewe, amevaa koti. Mama alimfuata mwaka uliofuata. Ukoo haukutuma mtu hata mmoja.

Haya yote yalikuwa kichwani mwangu pale chini ya turubai, Katoyi, mpaka Jonas aliponijia na wazee wawili ambao siwajui. Walinipeleka kando, wakanipa kiti. Jonas ndiye aliyesema. Vita vimeutawanya ukoo, akasema, wengine wako Uganda, wengine wamekufa, watoto wa muzee upande wa Kavira wamekataa kuja. Hakuna mtoto wa kiume wa kutupa udongo wa kwanza na kusema neno la ukoo kaburini. "Tumekaa, shangazi. Tumeona wewe njo mutoto wake wa kwanza. Zamani ilikuwa desturi, sivyo? Mwanamuke anaweza kusimama nafasi ya mwanaume, kama hakuna. Tunakuomba usimame. Leo tu."

Niliwatazama. Walikuwa na nyuso nzuri, za watu wanaoomba kitu kidogo. Niliwaza kuwaeleza, nikaona wasingeelewa, na sikutaka waelewe.

"Tafuteni mwanaume," nikasema.

Nilifuatana nao mpaka makaburini. Sikwenda kumwaga machozi. Padri alimaliza sala, akauliza nani wa familia atatangulia, na watu wakatazamana. Nilisimama kwenye jiwe refu kidogo, mikono nimeifunga kifuani, ili nione vizuri kama kuna atakayejitokeza. Padri aliuliza mara ya pili. Hakuna aliyejitokeza, na wachimba kaburi, waliokuwa na haraka, wakachukua makoleo yao.